Ufa Nyuma ya Jiko

Suji, 9 Aprili

Mwanangu Yudith,
Hujambo huko Dodoma? Sisi wazima, ila usingizi umetuhama. Jiwe limedondoka toka angani kwenye migomba. Katika Suji nzima likanichagua mimi, mtu niliyefika Mombasa na Lusaka. Jeusi, zito kuliko umbo lake. Tangu siku ile ardhi nyuma ya jiko imepasuka, na mlango wa chumbani haufungi. Mama yako mdogo Hana anasema jiwe linaivuta nyumba. Mimi siogopi, ila nalala na viatu. Nimekutumia kipande kwa basi. Niambie linataka nini.
Baba yako mdogo, Eliufoo

Dodoma, 16 Aprili

Shikamoo baba mdogo. Mama mdogo hajambo?
Tumelikata hapa maabara; picha ya karatasi nimekutumia kwa basi. Utaona vipande vimeshikanishwa na kitu cheusi. Kwao ni mwamba mkubwa wa angani. Uligongwa na mwingine, ukapasuka, nyufa zikayeyuka, zikaganda upya. Yote kabla binadamu hajawapo. Jiwe linasimulia tu lilikotoka, halitaki kitu.
Wala haliwezi kupasua ardhi, kitu kisichozidi uzito wa ndoo ya maji. Ufa huo ni wa mlima unaoanza kuteleza. Chomeka vijiti pande zake mbili, funga uzi. Na chemchemi uiangalie. Uzi ukikatika au maji yakichafuka, hameni.
Binti yako, Yudith

Suji, 19 Aprili

Marahaba mwanangu. Mvua haikati. Uzi umekatika nikiutazama. Chemchemi inatoa chai ya maziwa. Jiwe nimempelekea jirani yetu Chande ng'ambo ya bonde, nikidhani ufa utamfuata. Haukumfuata. Hana hataki kuacha nyumba alimoolewa. Anauliza, aliyefika Lusaka anakimbia tope? Watu wakiniuliza nitakataa, lakini wewe nakwambia: naogopa.
Baba mdogo

Dodoma, 19 Aprili

Baba mdogo, napiga hupatikani. Ondokeni sasa hivi, msisubiri mvua ikatike. Mwambie mama mdogo nimesema mimi. Ukisoma, nijibu neno moja tu.
Yudith

Kwa Chande, 24 Aprili

Mwanangu,
Tupo. Simu ililowa, naandika kwa ya Chande. Nilimbeba Hana mgongoni akinichapa mwiko njia nzima. Tulipofika kwa Chande tukasikia mlima unaketi juu ya nyumba yetu.
Leo nimekwenda kutazama. Tope linakauka. Mlango, mafiga, bati, mawe, vyote vimeshikanishwa na kitu cheusi. Nikatoa picha yako, nikalinganisha. Nikakaa chini.
Siku moja atakuja mtu kama wewe, akate, asome. Mwachie neno: ndani hakukuwa na mtu.
Baba yako mdogo, Eliufoo