Pasipoti ya Kissa Iko Ndani ya Ramani

Mama Fausta, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu za mwalimu mstaafu wa huku Masieda, ambaye kila Jumamosi husoma ukurasa wako wa ushauri gazetini ili awacheke wenzake, na leo zamu yake imefika. Nina jambo ambalo siwezi kumwambia mchungaji kwa sababu ananiheshimu, wala watoto wangu kwa sababu watampigia simu mama yao. Ukilichapisha, naomba ubadilishe majina.

Nina miaka sitini na minne. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mitano, na miaka hiyo yote nilitundika ramani ya Afrika mbele ya watoto nikawaonyesha kwa fimbo mito na maziwa ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyaona, maana mbali zaidi nilikokuwa nimefika ni Dodoma kusahihisha mitihani. Mke wangu Kissa ni Mnyakyusa wa Rungwe. Aliletwa hospitali ya Haydom, jirani na hapa, na kazi ya uuguzi akiwa msichana wa miaka ishirini na mitano, tukaoana, akajifunza Kiiraqw, lugha yetu ya huku, mpaka vikongwe wodini wakawa wanamwita binti yao, na hakuwahi kunisumbua habari za kurudi kwao. Wakati wa uchumba nilimwahidi kwamba siku tukistaafu wote wawili tutaizunguka Afrika kwa basi, na yeye alipostaafu mwaka juzi nilitimiza ahadi, jambo ambalo naomba ulizingatie kabla hujanihukumu.

Tulinunua mnadani mabegi mawili ya mgongoni ya mtumba, yale makubwa wanayobeba wazungu wanaopanda Mlima Hanang, na jirani yetu Qamara alipotuona barabarani akapiga kelele mbele za watu, "Mwalimu, mnarudi bweni? Na mama umemwandikisha kidato cha ngapi?" Kissa alicheka mpaka akakaa chini. Tuliondoka mwezi wa sita na kurudi mwezi wa kumi. Tulipita Malawi, Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia, kwa mabasi na mara mbili kwa malori. Nilikuwa nimeandika ratiba katika daftari, kila siku na vipindi vyake, kwa kuwa safari bila ratiba ni kutangatanga.

Sasa nieleze lilipoanzia, ingawa wakati ule sikujua kwamba ndipo linapoanzia. Tulipita Tukuyu, karibu na kwao, saa nne asubuhi, na hatukushuka kwa sababu wazazi wake wameshafariki na kaka zake wamehamia mjini, na ratiba ilitaka tuvuke mpaka kabla ya saa nane. Tukavuka, tukafika Karonga, na pale stendi kulikuwa na mwanamke wa rika la Kissa anauza dagaa wakavu, anaitwa Juliana. Kissa akainama kuulizia dagaa na yule mwanamke akamwitikia kwa kilugha cha kwao, maana watu wa Karonga na Wanyakyusa ni ndugu na wanasikilizana kabisa, mpaka ule uliwekwa na wakoloni ukapita katikati yao, nitakueleza siku nyingine. Mke wangu akatua begi. Akakaa juu ya gunia. Walizungumza, Mama Fausta, sijui walizungumza nini, lakini mke wangu alikuwa anapiga makofi na kushika magoti ya mtu ambaye hajamjua hata robo saa, na sauti yake ilikuwa nyingine, ya juu zaidi, ya msichana. Mimi nilisimama hapo na saa yangu. Nilimwambia, "Mama Bona, gari la Mzuzu linaondoka," akasema, "Nakuja," na hakuja. Juliana akanitazama akasema kitu, wakacheka wote wawili.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema una miguu ya msimamizi wa mtihani."

Nilichukia, sitaki kuficha. Nikamshika mke wangu mkono nikamwinua, tukapanda gari, na njiani nikamweleza kwamba Ziwa Nyasa, lililokuwa kando ya barabara, liko katika Bonde la Ufa, bonde lilelile tunalolitazama sisi tukishuka mlima wa Magara, na kwamba kina chake kinafika mita mia saba. Alikuwa ameegemea dirisha. Nilidhani anatazama ziwa.

Tulipofika Livingstone kwenye maporomoko, yale ambayo wenyeji huyaita moshi unaonguruma, nilianza kumweleza mwamba ulivyopasuka na upana wake karibu mita elfu moja na mia saba, na yeye akiwa ameloa uso mzima kwa manyunyu akasema, bila kugeuka, "Mwalimu, hebu nyamaza kidogo nisikie." Nikanyamaza. Nilinyamaza Zimbabwe yote, Botswana yote, na jangwa lote la Namibia. Tuliongea ya lazima tu, chumba, chakula, tiketi. Mchana tulipiga picha tukitabasamu na kuzituma kwenye kundi la familia, na Hilda binti yetu akawa anajibu kwa mioyo myekundu. Siku ya mwisho tulikaa kwenye benchi mbele ya bahari ya Atlantiki, upepo wa baridi, hakuna mtu mwingine, na nilikuwa najua kabisa kwa nini jangwa linafika mpaka majini, ni kwa sababu ya mkondo baridi unaotoka kusini, nilifundisha jambo hilo miaka thelathini na mitano nikiliota, na nililimeza. Kissa akaniuliza, "Huelezi leo?"

Nikasema, "Uliniambia ninyamaze."

Akasema, "Nilisema kidogo."

Sikujibu. Naujutia ukimya ule kuliko maneno yote niliyowahi kusema.

Tuliporudi kanisa lilituita tusimulie. Nilisimulia muda mrefu, watu walifurahi, na mchungaji akasema, "Mama naye aongeze neno." Kissa akainuka nusu, akasema, "Mwalimu ameshasema yote," akakaa. Tangu hapo nyumba yetu ina watu wawili na unaweza kusikia kuku wakitembea uani. Jioni yeye huchukua simu akaenda nyuma ya jiko, na namsikia anacheka na Juliana, kumbe walipeana namba pale stendi. Mimi niko sebuleni na redio. Nimestaafu kazi lakini mdomo haujastaafu, na hakuna wa kuusikiliza.

Mwezi uliopita aliniambia kwa upole tu, huku anachambua maharage, kwamba Jumatatu ya Pasaka atapanda basi, ataenda Karonga kwa Juliana, atakaa miezi miwili. Peke yake. Nikamuuliza nimekosa nini, akasema, "Hujakosa kitu, Baba Bona. Nataka tu kwenda." Nikamuuliza kama atarudi. Akasema, "Miezi miwili," na mimi niliona kwamba hakusema ndiyo.

Hapo nikafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilichukua pasipoti yake nikaiviringisha ndani ya ile ramani yangu ya Afrika iliyo juu ya kabati. Aliitafuta siku mbili. Alimwaga makopo, akapekua mifuko ya begi, akainua godoro. Siku ya pili akaja akasimama mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, hujaiona pasipoti yangu?" Nikasema sijaiona. Akanitazama. Akasema, "Haya." Na tangu siku ile, Mama Fausta, hajaitafuta tena, wala hajalifungua begi. Liko palepale kando ya mlango, limefungwa, nalipita kila nikienda nje.

Je, niirudishe na kumpoteza mke, au nisubiri mpaka hamu hii imwishe? Naomba unisaidie, kwa maana ramani hii iko machoni pangu kila siku na siwezi tena kuitazama.

Mwalimu Akonaay, Masieda

*

Marahaba, Mwalimu Akonaay. Nimekuzidi miaka mitatu, kwa hiyo salamu yako haikupotea.

Majina nimebadilisha kama ulivyoomba, lakini usijidanganye. Kijiji kizima kimeshakujua kwa yale mabegi. Gazeti hili hufika Haydom kwa basi la mchana, na mke wako anajua kusoma. Kwa hiyo ukimaliza sentensi hii, simama, nenda kwenye kabati, toa pasipoti uiweke mfuko wa shati, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Vizuri.

Kwanza nikupe pole, na ninaimaanisha. Ulitimiza ahadi ya ujana, na waume wengi huitimiza kwenye maneno ya mazishi. Ile benchi mbele ya bahari imeniuma. Mtu kukaa na jambo zuri kooni na kushindwa kulitoa kwa hasira ya nchi tatu ni upweke mkubwa, na huo uliutengeneza kwa mikono yako mwenyewe.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilijifunza kina cha Ziwa Nyasa. Mara ya pili nilimtafuta Kissa. Umeniambia upana wa maporomoko, umeniambia mkondo wa baharini, na hata habari za wakoloni umetaka kunipa. Hukuniambia mke wako alipenda nchi gani. Hukuniambia alikula nini, aliogopa wapi, alichoka wapi. Hukuniambia kwa sababu hujui, na hujui kwa sababu hujauliza. Miezi minne, Mwalimu!

Na pale Tukuyu mlipita saa nne asubuhi. Wazazi wamekufa, unasema, kana kwamba makaburi hayana watu wa kuyatembelea. Wewe ungepita Masieda kwenye basi, baba yako amelala pale, usishuke?

Halafu hiyo unayoiita "kilugha cha kwao". Ukiandika habari za kwenu, Kiiraqw ni Kiiraqw, ila cha kwake, Kinyakyusa, ni kilugha. Huyu mama alifika Haydom akiwa binti, akajifunza lugha yako akaosha vidonda vya wazee wenu kwa lugha hiyo, akakuzalia watoto, na watoto nina hakika wanaongea Kiiraqw na Kiswahili. Miaka thelathini na mitano hakuna mtu nyumbani kwake aliyemuuliza kwa lugha ya mama yake ameamkaje. Ile sauti uliyoisikia Karonga, ya juu, ya msichana, haikutoka kwa Juliana. Ndiyo sauti aliyoingia nayo Haydom. Aliiweka kando ili aishi na wewe, na wewe ukasimama pale na saa mkononi ukihofia gari la Mzuzu.

Unaogopa kubaki peke yako na redio miezi miwili. Basi hiyo hofu yako ichukue uipime kwa miaka thelathini na mitano, nawe ni mtu wa vipimo.

Unaniuliza usubiri hamu imwishe? Usisubiri hata chakula cha jioni. Kissa anajua pasipoti iko wapi, au anajua aliye nayo, ambayo ni sawa. Muuguzi aliyekaa wodini miaka yote hiyo anajua sura ya mgonjwa anayedanganya. Na fikiri: hadi Tukuyu mtu haendi kwa pasipoti. Angetaka kukukimbia angekuwa ameshalala kwa ndugu zake. Begi limefungwa liko mlangoni na yeye bado anakupikia. Anakusubiri uitoe.

Utaitoa hivi. Usiiangushe chini ya kitanda ili "ionekane". Usimtume mtoto wa jirani. Mfuate alipo, iwe jikoni au shambani, mpe mkononi, useme, "Niliificha mimi. Niliogopa." Maneno matatu. Ukiona la nne linakuja, meza, kwa hilo una mazoezi. Akikasirika mwache akasirike mpaka amalize. Akikaa kimya kaa naye, na ukimya huu usiuwekee kinyongo kama ule wa Botswana.

Kisha zimebaki siku tisa mpaka Jumatatu ya Pasaka. Kila siku muulize jambo moja la safari yenu, moja tu, halafu unyamaze usikilize mpaka mwisho, hata kama atakosea jina la mto. Mwombe akufundishe salamu ya kwao. Utaitamka vibaya na atakucheka. Kicheko hicho kipokee, maana hujakisikia uso kwa uso tangu Juliana alipoisema miguu yako.

Usiombe kufuatana naye. Akikualika baadaye, nenda, ushuke Tukuyu kwanza, usimame kwenye makaburi ya wakwe zako, na daftari la ratiba ulisahau nyumbani.

Kama atarudi, Mwalimu, sitakuahidi, kwa sababu mimi si mganga. Mtu anayesema "miezi miwili" na kufunga begi moja tu kwa kawaida hurudi. Lakini atarudi kwa nani? Hilo ndilo lililo mikononi mwako, nawe una miezi miwili ya kujiandaa.

Jumatatu ile mbebee begi mpaka stendi Haydom. Msalimie kwa salamu aliyokufundisha, mbele ya watu, ukosee kama utakosea. Na gari likiwaka usianze kumweleza barabara inavyopita Singida na Iringa mpaka Mbeya. Anaijua. Ndiyo aliyokuja nayo kwako.