Godoro Linalotoa Jasho

Kiwangwa, Alhamisi

Baba Swaumu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mananasi yameanza kuiva, na mwanao ameota jino la pili.

Simu yako haipatikani tangu juzi, ndiyo maana naiviringisha barua hii ndani ya godoro jingine la upepo. Nitampa kondakta wa basi la Moshi pale Chalinze, nimwapishe likufikie kabla ya Jumamosi, kabla hujapanda tena mlima na mizigo ya wageni.

Lile la kwanza usililalie.

Siku ya kulinunua, Muhidini wa mitumba alinijazia upepo magodoro mawili, akayatandika sakafuni, saa saba mchana. Nikayalalia yote. Moja lilinichoma mgongo, nikaloa jasho. La pili lilikuwa baridi kama saruji. Nikakutumia la baridi. Ulipolipata ulicheka kwenye simu, ukasema mtu wa pwani hajui kuchagua godoro ila lile lisilochemsha mgongo, na kwamba utalivumilia hivyo hivyo.

Sikukosea, Mrisho. Muhidini aliniambia wazi, "Shemeji, linalokutoa jasho hapa ndilo litakalomwokoa kule." Nilimsikia. Nilitaka baridi ikushinde usiku mmoja tu, uache upagazi, urudi nyumbani.

Jana nilisikia mpagazi mmoja kateremshwa kwenye machela, kafa kwa baridi. Sijui jina lake. Nimeuliza kila mtu.

Kama umekasirika, njoo unigombeze hapa hapa, mlangoni kwangu, nikusikie.

Mkeo,
Sabiha