Mke Wangu Alitangulia kwa Mama, Mimi Nikaenda kwa Mama Mwingine

Shangazi mpendwa,

Kwanza pole kwa kazi ya kusikiliza mambo ya watu usiowajua, na pili usishangae mwandiko huu, naandikia juu ya kaunta ya kibanda changu cha kuchonga funguo, kibanda ambacho wiki hii hakikupaswa hata kufunguliwa kwa sababu ni likizo, ila nyumbani kwangu sasa kuna baridi kuliko huku nje, na wewe mtu mzima unajua kwamba siongelei hali ya hewa.

Nilioa mwezi wa sita. Mke wangu ni msusi, maneno machache, vidole vyepesi, na hii ilikuwa Krismasi yetu ya kwanza tukiwa mume na mke, na Shangazi, naona aibu hata kuandika, hatukuila pamoja.

Ugomvi ulianza mapema. Mama yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, anakaa kule chini reli inakoishia. Mama mkwe ni askari magereza mstaafu, anakaa juu milimani ambako msimu huu ukipumua unaiona pumzi yako inaondoka. Mimi nilitaka twende kwa mama yangu, mke wangu alitaka twende kwao, na haukuwa ubishi mtupu, alikuwa anamwogopa mama, maana mama humkagua mtu kama anavyokagua pindo, na siku ya kwanza kumwona alimgeuza huku na huku akasema, "Mzuri, ila mwembamba, ukimkumbatia utachomwa." Watu walicheka. Mke wangu hakucheka na hajasahau. Sasa mimi badala ya kulikumbuka hilo nikasema Krismasi bila mama yangu si Krismasi, naye akaniuliza taratibu, "Mbona hukumwoa yeye?" Basi, tukanuniana siku kadhaa, ikafika mahali hata chumvi mezani tunaombana kwa kidole.

Siku moja kabla ya sikukuu kibandani palikuwa na foleni mpaka barabarani, si unajua watu hukumbuka kufuli wakitaka kusafiri, mashine inapiga kelele, vumbi la chuma machoni, mara mke wangu huyu hapa na begi lake, koti limefungwa mpaka kidevuni, akainama dirishani akasema, "Natangulia kwa mama. Ukimaliza, nifuate." Nikaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Hapo ndipo nataka uwe mwamuzi. Mke akisema anakwenda kwa mama, ni mama wa nani? Tangu tuoane, mama yangu kwake ni "mama yako". Mama yako amepiga simu, mama yako anauliza ulikula nini. Kwa hiyo mama mtupu, bila mkia, ni mama yake, hata ungeuliza nani angekujibu hivyo. Nikajua ameamua kunipanda kichwani. Nilikasirika mpaka nikaharibu funguo za mteja, lakini kadiri foleni ilivyopungua na hasira nayo ikapungua, nikajiambia, bwana, shuka, mbio za sakafuni huishia ukingoni, mfuate mkeo. Nikafunga, nikanunua keki, nikapigania kiti cha nyuma kabisa kwenye basi la milimani, na njia nzima nimeikumbatia keki huku najisifu jinsi nilivyo mnyenyekevu. Simu nikaizima ili nimshtukize.

Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Mkwe wako."

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Makomeo yakaanza kuvutwa, moja baada ya jingine, mlango ukafunguka kidogo. "Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, si amekuja hapa?"

"Angekuwa hapa ningekuuliza?"

Akanikalisha kwenye stuli, akanihoji kama askari aliyerudi kutoka kazi za nje na mfungwa mmoja pungufu. Nikawasha simu, na kabla sijabonyeza chochote ikaita. Mama yangu.

"Mke wako yuko hapa tangu mchana, ndugu wote wamefika, wanamuuliza mumewe yuko wapi. Uko wapi wewe?"

"Niko kwa mama."

"Mama yupi, na mama ni mimi?"

Nikaomba nipewe mke wangu. Akaichukua simu, akasema, "Kwa hiyo umekwenda kwetu."

"Kukufuata wewe!"

"Nilikwambia kwa mama." Simu ikakatika, sijui ni mtandao, sijui ni kidole.

Kurudi hakukuwezekana, mabasi yote yalikuwa yamesimama mpaka sikukuu ipite. Na sasa nakuja kwenye ubaya wenyewe, Shangazi. Nilifurahi. Sikukusudia. Kufuli zote za yule mama zilikuwa na kutu, na mimi fundi siwezi kukaa nyumba yenye kufuli inayolia, nikatoa vifaa, nikazitengeneza zote, nikafungua hata kabati ambalo funguo zake zilipotea mke wangu akiwa bado shuleni, ndani tukakuta sahani za harusi ya mama mkwe zimefungwa na magazeti, tukala Krismasi juu ya sahani hizo, akanisimulia visa vya gerezani, tukacheka mpaka nikapaliwa. Mimi miezi yote hiyo sikujua kama yule mama ana meno.

Nikarudi nyumbani, mke wangu ametangulia kufika, ndiyo kwanza anafungua skafu. Nami nilivyo na ulimi usio na mfupa, kabla hata ya salamu nikasema, "Yaani Krismasi nzuri kama hii sijapata kuiona!" Nililiona neno linatoka, Shangazi, na sikuwa na namna ya kulirudisha.

Akasema, "Vizuri." Tangu hapo hajatoa neno refu kuliko hilo. Ni sawa, haya, ndiyo, na mlango kubamizwa.

Kinachonimaliza kabisa ni wazazi. Mama yangu ananipigia kunigombeza, "Umemwacha mwanangu mbele ya ukoo mzima kama mzigo uliosahaulika stesheni!" Mwanangu, anasema, na mwana mwenyewe si mimi! Kumbe mke wangu alimsuka nywele za sikukuu, na mama akampunguzia gauni, wakakesha wanapiga soga kwenye cherehani. Huku mama mkwe naye anampigia binti yake, "Mwanamume amepanda mlima kwenye baridi yote hii kwa ajili yako, wewe unamnunia?" Kila mzazi amemkana wa kwake. Nyumba nzima hakuna wa kunitetea ila mkwe, na wa mbali.

Sasa niambie, nani amwombe radhi mwenzake? Mimi nimemeza kiburi, nimesafiri, nimenunua keki. Naona haki iko kwangu, lakini kila nikitaka kuisema, mbele yangu naona mgongo. Nisaidie kabla likizo haijaisha.

Fundi Kufuli

*

Fundi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakageuka. Mara ya pili nilitaka kuja hapo kibandani nikuvute sikio.

Unasema umemeza kiburi. Ulikimeza ndani ya basi, ukakitapika mlangoni kwako. Unyenyekevu unaodai risiti ni biashara, baba, na mkeo si mteja wako.

Umeniomba niamue mama ni wa nani. Swali zuri, ila ulipaswa kuliuliza palepale dirishani. Mashine yako ina swichi. Mke anakuja na begi mkononi, wiki hiyo hamsemezani, na wewe unamjibu kwa kichwa ukiwa umeshika ufunguo wa mtu mwingine! Ungeizima kidogo tu, ukauliza "Mama yupi?", leo usingekuwa unanipotezea karatasi.

Lakini kuna jambo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe na hujaliona. Binti huyo, tangu harusi, alimwita mzazi wako "mama yako". Siku hiyo alimwita "mama". Wewe unalalamika kwamba neno lilikosa mkia! Lile ndilo lililokuwa zawadi yako ya Krismasi, na ulilipokea kama kosa la sarufi.

Tena pima safari zenu vizuri. Wewe ulikwenda ulikodhani mkeo yuko. Yeye alikwenda peke yake kwa mtu anayemwogopa, mtu aliyemfanya achekwe mbele za watu, kwa sababu wewe ulisema bila mtu huyo hakuna Krismasi. Akakaa katikati ya ndugu zako, kila mmoja anamuuliza mumewe yuko wapi, na simu yako imezimwa. Kwamba aliishia kupendwa huko ni kwa juhudi zake mwenyewe, wewe huna mkono hapo. Halafu unaingia umeshiba, unamtangazia kwamba Krismasi bora maishani mwako ni ile ambayo yeye hakuwepo. Mimi ningekunyima hata hiyo "sawa".

Na wewe bibi, kama gazeti hili limefika saluni, nawe nina neno lako. Mtu mliyenuniana naye hasikii vizuri. Ungeongeza "wako" mara hiyo moja tu, usingepungukiwa kitu. Na mumeo huyu ana mdomo mbaya ila miguu yake ilikuja kukutafuta. Mlango unaoubamiza atautengeneza yeye huyo huyo, kwa hiyo humkomoi, unampa kazi.

Sasa Fundi, sikiliza. Funga hicho kibanda leo. Usinunue kitu njiani, keki nyingine itakuponza. Kwanza wapigieni wazazi wote wawili mkiwa mmekaa pamoja. Washukuruni, waambieni kwamba mpaka likizo iishe hakuna kesi, hakuna hakimu, na simu zitapumzika. Wamewapenda wakwe zao, wengi huomba bahati hiyo wasiipate, lakini wenye nyumba hiyo ni wewe na mkeo.

Kisha mwombe mkeo akusimulie Krismasi yake tangu aliposhuka garini. Yote. Nani alisema nini, alikaa wapi, gauni lilipunguzwa vipi. Usimkatize. Habari za sahani na kabati zikikujia mdomoni, zimeze, zitangoja mwezi wa pili.

Akimaliza, mwambie, "Nisamehe. Nilikukosa." Weka nukta hapo. Usiongeze "lakini", usitaje basi. Jumapili pikeni mle wawili, muiite Krismasi, hakuna atakayewauliza tarehe.

Ukishasema, nyamaza umwache ajibu. Akilia, usimkataze. Akicheka, cheka naye. Na akikujibu "sawa" tena, bandika chai, mimina vikombe viwili, ukae hapo hapo.

Shangazi