Pedali ya Dereva

Jumatatu, 3 Machi
Leo tumenusurika. Dereva – mume wangu, jina hilo nilimpa mwenyewe tangu enzi zake za mabasi – alikuwa anamrudisha mjukuu wetu kutoka shule, mimi nimekaa mbele na kikapu cha sokoni mapajani. Tukafika kwetu, gari likakataa kusimama. Likaligonga geti taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Mjukuu akacheka. Mimi nilikuwa nimekikumbatia kikapu.

Dereva anasema pedali ya breki imekuwa ngumu, ni kama kukanyaga jiwe. Kesho kwa fundi. Haya.

Jumanne, 4 Machi
Gereji. Fundi ni yule yule wa siku zote, mkono mmoja wa oili, mwingine wa kushikia kikombe. Kaniambia, mama, ingia ukanyage wewe, mzee anisaidie kusikiliza huku mbele. Mimi! Tangu tuoane sijawahi kukalia kiti kile.

Injini imezimwa. Kanyaga, achia, kanyaga, achia – ikawa ngumu kweli. Fundi kasema hapo lazima iwe ngumu, injini ikizimwa mguu hauna msaidizi. Sasa shikilia hapo hapo, tunawasha. Ikiwaka, pedali inatakiwa izame kidogo. Haikuzama. Chini ya boneti kukasikika sssss. Kumbe ni mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, kile kidude cha duara kinachousaidia mguu kusukuma breki. Umepasuka, hewa inavuja, kazi yote inabaki kwa mguu.

Dereva alifurahi huyo! Akampiga fundi begani, si nilisema mimi? Nami nilifurahi, Mungu anajua. Maana kuna mambo nimekuwa nayaona na kuyameza. Ndala ya kulia inamvuka koridoni na yeye hana habari, anaendelea peku. Ngazi anapanda kwa kutanguliza mguu wa kushoto tu, kila ngazi. Nikajiambia, basi, ni gari.

Alhamisi, 6 Machi
Mpira mpya umefungwa. Nikaitwa tena kitini, siku hizi mimi ni fundi msaidizi. Kanyaga, shikilia, washa – ikazama laini kama mto wa kulalia. Nikacheka peke yangu mle ndani.

Dereva akaingia. Akakanyaga. Akakanyaga tena, safari hii goti kalisukuma kwa mkono. Akasema bado ngumu.

Fundi hakubisha. Alifungua upya, akaangalia busta, mafuta ya breki, magurudumu yote. Kila kitu kizima. Mwishowe akaingia mwenyewe, akavua kiatu, akakanyaga kwa kidole gumba cha mguu. Ikashuka. Kisha akanitazama mimi, hakumtazama yeye. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Tumerudi kwa mwendo wa kobe. Njia nzima Dereva analalamika kwamba mafundi wa siku hizi wanabahatisha tu. Nimeitikia kila neno. Roho inaniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Mwanetu kaja. Nilimmwagia yote jikoni, nikajuta hapo hapo, maana alikwenda moja kwa moja sebuleni kumwambia baba yake aende hospitali apimwe mguu, na funguo azitoe. Lahaula! Dereva akasema mguu huu umebeba mabasi ya watu mpaka ukala na ukasoma, leo wewe ndiye wa kuniambia haujui breki? Na mjukuu atapelekwa shule na nani, na wewe unayeamka jua limepanda?

Mwanetu akalia. Mtu mzima, na ndevu zote zile. Hospitali wamekubaliana iwe Jumanne. Habari ya funguo hakuna aliyeigusa tena.

Jumapili, 9 Machi
Ndala. Koridoni tena. Nimeirudisha kando ya kitanda kabla hajaamka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemtangulia kuamka, nikazitoa funguo kwenye msumari wake. Ziko mfukoni mwa gauni, zinanichoma paja hapa mezani ninapoandika. Nilijiandaa kwa ugomvi.

Akanywa chai. Akafunga kamba za viatu, cha kulia kilimchukua muda. Akapita pale penye msumari bila kugeuka, akatoka. Mjukuu nyuma yake na begi. Baadaye kidogo nikasikia, mwenzangu, njoo.

Nikamkuta kwenye usukani, milango ya gari huwa hatuifungi. Kasema, ingia ukanyage wewe uone kama fundi hakutudanganya. Akashuka ameng'ang'ania mlango, nikakaa. Nikakanyaga. Nikarudia, na kila nikirudia inazidi kuwa ngumu. Injini imezimwa, itakuwaje laini? Mimi niliyefundishwa juzi najua. Yeye wa mabasi atakosaje kujua?

"Si unaona?"

"Naona," nikasema. "Ngumu kweli."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kitini kwake. Mjukuu akauliza kama leo tunachelewa. Nikamtoa kiti cha nyuma, kaondoka kwa miguu na jirani na wanawe.

Namwona kutoka dirisha hili. Mikono yote miwili kwenye usukani, kama yuko barabarani. Nimempelekea chai nyingine, kaipokea, kaiweka kwenye dashibodi, hajainywa. Jua limeshafika kwenye kioo cha mbele. Bado amekaa, na hajaniuliza funguo ziko wapi.