Mshale Unasema Themanini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa leo naandika nikiwa nimepumua, maana kwa miezi miwili niliamini kwamba siwezi tena kuendesha gari.

Mume wangu alilifungia gari letu rimu kubwa na matairi marefu, akasema sasa limesimama kama gari la watu wazima, na tangu hapo mimi ninayeliendesha kwenda maabara ninakofanya kazi nikageuka dereva mbovu: mlimani linajivuta, nikikata kona tairi linasugua bodi, askari wamenisimamisha mara mbili kwa mwendo kasi nami naapa mshale ulikuwa themanini, mwendo unaoruhusiwa, na mama mkwe niliyekuwa nampeleka kliniki akashika mkanda kwa mikono miwili akauliza, "Mwanangu, unanipeleka kwa daktari au kaburini?" Mume wangu akaniita mwongo mbele ya mama yake, akataka nirudishe ufunguo, nami nikaenda hata kupimwa macho.

Jumamosi nikapata pancha. Fundi akafunga tairi la akiba, gari likainama kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. "Dada, hili la akiba ndilo saizi ya gari lako," akasema. "Hayo makubwa yanazunguka mara chache kwa safari ileile, ndiyo maana mshale unakudanganya. Ukisoma themanini, unakaribia tisini."

Nilikaa kwenye ndoo yake iliyofudikizwa nikacheka hadi machozi. Lakini mume wangu anayapenda matairi yale kama kifungua mimba. Niyabadilishe akiwa safarini ninyamaze, au nimwambie?

Mwenye Macho Mazima

Mwenye Macho Mazima,

Pole, na hongera. Ila wewe mtu wa maabara, kitu kimoja kikibadilika na majibu yakabadilika, huanzi kuchunguza kitu hicho? Ulikimbilia kujilaumu, dada yangu.

Usibadilishe kwa siri. Ataona, na safari hii utakuwa umemficha kweli. Mkalishe kiti cha abiria, simu yake ionyeshe mwendo, tafuta barabara iliyonyooka, shika mshale kwenye sitini, kisha mwombe akusomee simu kwa sauti. Usiongeze neno. Akijisomea mwenyewe, atabishana na nani?

Halafu muachie mlango wa kutokea. Anapenda rimu kubwa? Abaki nazo, ila avalishe matairi yenye ubavu mfupi, gurudumu zima lirudi kwenye kimo cha lile lililoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Gari litapanda mlima, breki zitashika mapema, na bodi haitasuguliwa. Hadi hapo, weka mshale chini kabisa ya mwendo unaoruhusiwa, na usiendelee kutembelea tairi la akiba lisilolingana na mengine.

Kuhusu mama mkwe, usiende kujieleza. Aliyekuita mwongo mbele yake ndiye akae mbele yake aseme alikosea. Wewe ufunguo usiutoe.