Samaki Waliotoweka Mapokezini

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani na goti limepoa, si jikoni ukilisimamia kwa ukaidi. Mimi ni mzima wa mwili, kilichochoka ni akili. Uliponipigia simu ukauliza mbona naongea kama niliye msibani, sikuweza kukujibu. Watu wote pale mapokezini walikuwa wamenyamaza wakinisikiliza. Ndiyo maana naandika.

Unajua kwamba Bwana Khalfani, mwenye gesti hii, ni mtu wa pwani kama sisi. Amefanya biashara hapa Migori mpaka ameota mvi, na kwa kuikumbuka bahari akaweka tangi la kioo lenye samaki wa maji chumvi. Alinikabidhi mimi kwa kuwa nimezaliwa Vanga. Nachanganya chumvi ya pakiti na maji yaliyochujwa, nawalisha, nasugua kioo. Kaka Juma alipotuletea yale mawe ya baharini yenye matundu, tangi likapendeza hata wageni wakawa wanapiga picha.

Kisha samaki wakaanza kutoweka. Alitangulia yule mdogo wa buluu. Wakafuata wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mama, hapakuwa na mzoga wala gamba. Nilitafuta chini ya meza, nyuma ya kochi, hata ndani ya viatu vya wageni.

Nikamshuku Akinyi, mpishi wetu. Yeye ni wa Karungu, kando ya ziwa, na tangu siku ya kwanza alikuwa akicheka: "Nyar Mombasa, hii samaki ni ya kuangalia tu? Kwetu samaki ni ya kukula." Nyar Mombasa ndilo jina analoniita, yaani binti wa Mombasa, hata nimwambie vipi kwamba Vanga si Mombasa. Basi akitoka kwenda sokoni, mimi naingia jikoni nanusa sufuria zake. Nilimshuku pia Ouma, mlinzi, kwa sababu alipenda kusimama mbele ya kile kioo akitabasamu peke yake.

Kumbe Bwana Khalfani naye alikuwa ananishuku mimi. Alitia kufuli kwenye kifuniko, ufunguo akauning'iniza shingoni, nikawa namwomba kila wakati wa kuwalisha na yeye anasimama pale pale. Hata hivyo mwingine akatoweka. Akinyi akaninong'oneza, "Sasa ufunguo iko na nani?" Hapo nikaanza kumfikiria bosi mwenyewe. Ana mpwa wake anayetafuta kazi. Nikasema moyoni, huyu anawatoa samaki wake ili apate sababu ya kunifukuza. Nilikuwa nalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Siku moja akatangaza kwamba ameagiza tangi kubwa zaidi kwa fundi wa vioo Homa Bay. "Pengine wanakosa nafasi, wanaumana," akasema. Kisha akanitazama. "Na tukiwahamisha, nitawahesabu mwenyewe mbele ya kila mtu."

Tangi likaja kwenye pikapu, limelazwa juu ya godoro. Maji mapya nilikuwa nimeyatayarisha jana yake, nikapima chumvi na joto vilingane na yale ya zamani. Asubuhi tukaanza. Tulivuta maji ya tangi dogo kwa mpira, tukayahifadhi kwenye ndoo, na samaki tukawaweka humo na pampu ya hewa. Ungetuona, ungedhani tunagawa urithi. Ouma kaziba mlango. Akinyi ananitazama mikono. Mimi namtazama yeye. Bwana Khalfani anatutazama sote.

Yakabaki mawe. Akinyi akainama kunisaidia kulitoa lile kubwa kuliko yote, mara tukasikia kitu kimelia, tak! Akapiga kelele na kuuvuta mkono, dole gumba linachuruzika damu. Jiwe likaangukia kwenye beseni, na kwenye tundu lake akajitokeza mdudu wa jamii ya kamba wa baharini, wa kijani, macho yamesimama juu ya vijiti, mikono kaikunja kifuani kama vunjajungu. Nilipolitikisa lile jiwe, ikamwagika mifupa midogo midogo.

Kila mtu alitafuta mahali pa kutazama.

Halafu Bwana Khalfani akauliza polepole, "Rehema, hili jiwe lilitoka kwa nani?"

Mama, macho yote yakanirudia. Nikasema, kwa kaka yangu. Akasema, "Kwa hiyo ndugu yako ndiye aliyeniletea mwizi nyumbani." Aliyenitetea ni Akinyi, kitambaa kimelowa damu kidoleni. "Mzee, wacha hivyo. Huyu mdudu alijificha. Mimi ndiye ameniuma, na mimi sisemi ni makosa ya Rehema."

Bosi akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani mbele yangu, akatoka nje. Hakuomba radhi. Samaki waliobaki tukawaingiza kwenye tangi jipya, na kufikia jioni walikuwa wakizunguka huku na huko kama watu walioambiwa vita vimekwisha. Yule mdudu tumempa tangi la zamani peke yake. Ouma ndiye anayemlisha.

Tulipokuwa tukipiga deki, Akinyi akaniambia, "Mimi nilikuwa nafikiri ni wewe. Kabla uende nyumbani jioni nilikuwa nachungulia mkoba yako." Nikamwambia kuhusu sufuria. Akaacha kupiga deki. Nikajua amekasirika.

"Ulisikia harufu gani?"

"Ya omena, dagaa wenu wa ziwani."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji.

Muulize Juma kwa upole kama aliyakagua yale mawe kabla ya kuyafunga. Kwa upole, Mama. Lakini mtazame anavyojibu.

Nisalimie Baba, na Bibi anayekusaidia kusuka ukili wa mikeka, na shangazi yangu wa mtaa wa pili, na wifi yangu mwenye mtoto mchanga. Nimekuwa na tabia mbaya siku hizi, ya kuwatazama watu mikono badala ya nyuso. Nikija nyumbani ukaniona nafanya hivyo, nikemee.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Rehema