Pole ya Mkono Ulioungua

Petro,

Toa mguu wako kwenye mlango wa kaka yako kabla sijakusalimu. Nasema toa. Nimesikia mtama wa pombe umeshalowekwa, wazee wameshakubaliana siku, na wewe umeshaanza kupita uani kwa shemeji yako Veronika na samaki mkononi, unakohoa nje kama mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni nani? Nani alikwambia kaka yako amekufa? Mimi niliyemzaa sijaambiwa.

Na wewe katekista unayemsomea, soma kama nilivyoandika. Nakujua, unalainisha barua za watu mpaka tusi linakuwa salamu. Ukikuta ukali, soma kwa ukali, na Veronika aitwe akae hapo asikie.

Sasa nakusalimu, mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa hukuitoa. Hujambo? Watoto wa kaka yako hawajambo? Mto umepanda mpaka wapi mwaka huu? Mpunga wa bondeni uliuwahi kabla ya maji, au ulilala kama mwaka jana ukaja kunililia mimi? Mimi ni mzima ila magoti, na hewa ya huku ina chumvi, ngozi inaniwasha kama nimelala kwenye upupu. Dada yako Agata hajambo, ana mimba nyingine. Mume wake, yule mkwe wangu askari, naye hajambo. Bado tunakwepana vizuri: yeye akija jikoni mimi natoka, na uji umeshaungua mara nyingi kwa sababu ya heshima hiyo.

Mwandiko wangu ni mbaya, najua. Herufi nilijifunza misheni nikiwa tayari na mvi, kwa kijiti mchangani, kwa hiyo zinatembea kama kuku. Zifuateni hivyo hivyo.

Sasa sikiliza jambo lilivyokuwa, maana ninyi huko mmelila bichi.

Hapa tulipo ni pwani, kusini ya mji mkubwa, ndani ya mivinje. Mkwe wangu na wenzake wanalinda, mimi na Agata tunapika. Moto wa moshi mwingi umekatazwa, kwa sababu meli za Waingereza zinapita kule mbali. Kambi hii ina kazi moja tu, kusikiliza. Wamefunga waya mrefu kutoka mnazi mpaka mnazi, juu kabisa, ukateremka mpaka kwenye sanduku ndani ya hema. Wanaiita simu ya upepo. Yupo Mdachi mmoja kijana, masikio yake mekundu kwa kubanwa, sisi tunamwita Bwana Masikio, na mwenyewe anajua. Anavaa vikombe viwili masikioni, anagusagusa kijiwe kwa sindano, anafumba macho. Basi anamsikia mtu aliyeko kwao Ulaya akigonga. Usicheke. Nilishacheka mimi kwa niaba yako.

Ila kusema hawawezi. Chombo cha kupelekea sauti kilivunjwa vita vilipoanza, kimebaki hiki cha kupokea. Kwa hiyo yule wa Ulaya anasema na kusema, wala hajui kama huku yupo anayemsikia. Kazi hiyo niliielewa upesi. Ni kama kukaa dunguni kulinda mpunga: kiboko humwoni, unasikiliza maji mpaka unatenganisha maji yanayopita na maji yanayosukumwa na tumbo.

Asubuhi moja nimempelekea uji, jua halijatoka, akaniita. Kiswahili chake ni cha kuvunjikavunjika. "Bibi, njoo. Sikia nyumbani kwangu." Akanivisha vile vikombe juu ya kilemba. Nikasikia kama mafuta yanakaanga. Kisha ndani ya mafuta, ti-ti-ti-taa, ti-ti, taa. Nilicheka mpaka uji ukamwagika.

"Huyu ana kigugumizi!" nikamwambia. "Huyu ni Gugu wangu! Hivi hivi ndivyo anavyoomba chumvi!"

Unamjua kaka yako. Jina la ubatizo ni Benedikti, lakini nani amewahi kumwita hivyo? Ni Gugu tangu alipoanza kusema, kwa sababu ya ulimi wake kugonga neno mara tatu ndipo lifunguke. Agata akacheka, mkwe wangu akacheka kule nje, na tangu siku hiyo kambi nzima ikamwita yule wa Ulaya Gugu. "Gugu ameamka?" "Gugu leo ana maneno mengi!" Mimi nilipenda, sikufichi. Tangu kaka yako alipobebeshwa mzigo wa jeshi akapelekwa upande wa kaskazini, watu walikuwa wakilikwepa jina lake mbele yangu kama kidonda. Sasa nikalisikia kila siku, tena kwa vicheko.

Halafu mvua ikaja na upepo, tawi la mvinje likaangukia waya likaukata. Wakauunga. Sauti hakuna. Kila siku jua likipanda sauti hufa, hilo tumelizoea, lakini safari hii hata alfajiri ni kimya. Bwana Masikio akaacha kula. Mkwe wangu akawa anamwambia mwenzake wa zamu, kwa lile domo lake la paredi, "Gugu amekufa tangu juzi! Bwana yuko hemani analia!"

Siku hiyo hiyo Mpangile wa Lipangalala, mpagazi, alikuwa ameshusha mchele wa jeshi pale jikoni. Alisikia. Ungesikia wewe ungefanya nini?

Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeungua. Chungu kiliniponyoka, uji ukanimwagikia mkono wa kushoto, Agata akaufunga kitambaa. Nimekaa karibu na mafiga, nimeinamisha kichwa kwa maumivu. Mpangile akaja, akavua kofia, akachuchumaa, hakuniangalia usoni.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, baba."

"Ndiyo mipango ya Mungu."

Nikashangaa, mtu anamleta Mungu kwenye uji. Nikamjibu, "Mungu asisingiziwe. Ni uzembe wangu, sikuangalia."

"Usijilaumu, mama. Iliuma sana?"

"Iliuma. Sasa imetulia."

"Nikawaambie nini nyumbani?"

"Waambie wasihangaike. Mimi nimeshapoa, waendelee na kilimo."

Akanishika mkono ule mzima, machozi yakamtoka. Nami nikasema moyoni, huyu mtu ana huruma ya ajabu, nimeungua mimi analia yeye! Hata nikampa kipande cha papa akale njiani. Petro, nilimfungia mimi mwenyewe chakula cha safari mtu aliyekuwa anakuja kwenu kumzika mwanangu.

Mwambie Mpangile simlaumu. Aliniheshimu. Nani humwendea mama mfiwa akamuuliza, eti ni kweli? Lakini hata mkwe wangu angeulizwa, "Gugu yupi?" Neno moja tu hilo, Gugu yupi, na Veronika angekuwa na nywele zake leo.

Nimejuaje? Juzi wamefika wapagazi wengine, na miongoni mwao Mama Tekla jirani yetu, kabebeshwa naye, hawachagui siku hizi. Aliponiona tu alitupa mzigo akaniangukia shingoni, kilio juu. "Uuwi, mwenzangu! Uuwi, Gugu!" Watu wakatoka kwenye vibanda. Nikamtikisa. "Gugu amefanya nini? Yuko kimya tu ndani ya sanduku hemani tangu mvua ile!" Masikini, akafikiri nimerukwa na akili. Tukakaa chini, akanisimulia mambo yenu yote: matanga, Veronika kunyolewa, kaniki kichwani, wewe kutajwa kuwa mrithi, mtama kulowekwa. Nilipomweleza mambo ya sanduku, Mama Tekla alicheka na kulia papo hapo, akasema, "Basi mwenzangu tumelilia sanduku la Mzungu!" Mimi sikucheka. Nilianza kuwahesabu ninyi mmoja mmoja mnaostahili fimbo.

Sasa, Petro, hili nataka katekista alisome mara mbili: sijui kama kaka yako yu hai. Sitakudanganya. Wapagazi wanakufa kule, kwa kuhara, kwa baridi, kwa mizigo. Kila msafara ukipita hapa nauliza, "Kuna kijana wa Ifakara, ana kigugumizi, ana kovu la ndoano kidoleni?" Mmoja aliniambia amemwona akivuka mto, mwingine akasema hajapata kumwona. Ndiyo habari niliyo nayo. Lakini hakuna mtu, hata mmoja, aliyesema amemzika.

Ulikuwa mdogo, lakini si mdogo kiasi cha kusahau. Baada ya vita vya Maji Maji, Wadachi walipochoma ghala tukala mizizi ya porini, baba yako alitiwa mnyororo shingoni pamoja na wenzake wakapelekwa huku huku pwani. Waliorudi walisema wamemwona amelala kando ya njia, nzi usoni. Wakanyoa kichwa changu. Wakaniambia nikae, baba yako mdogo atanirithi, mtu mwema, ana shamba. Mimi nikajidai tumbo linaniuma nikakimbilia kwa mama yangu kule Lipangalala, nikatwanga mpunga wa watu na ninyi mmenishika nguo, wanawake wananiimbia nyimbo za kejeli kisimani. Mpunga ulipoiva nani alikuja mbio akipiga kelele, "Mama, kuna mtu wa mifupa dunguni"? Si wewe? Ulimkimbia baba yako, ukajificha nyuma ya ghala. Alikuwa mifupa na macho. Jambo la kwanza alilouliza halikuwa chakula. Aliuliza, "Mke wangu yuko kwa nani?" Nikamwambia, "Yuko kwako." Basi akakaa chini.

Baadaye alikufa kweli, kitandani kwake. Nilimwosha kwa mikono hii. Huko ndiko kufa ninakokujua mimi, kule kwa kuosha. Kwingine kote ni kutosikika.

Sasa kuhusu yule Gugu wa Ulaya. Mkubwa wao alikuja akasema sanduku lifungwe, wa huko amekwisha. Bwana Masikio akakataa, akakaa na vikombe vyake. Simpendi yule kijana, Petro, usinifikirie vibaya. Watu wake walichoma ghala zetu, nami nalikumbuka hilo kila nikikoroga uji wake. Lakini siku Mama Tekla aliponililia nilikwenda hemani kwake mwenyewe, nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Bwana, Gugu wako akirudi, muulize kama amemwona Gugu wangu." Akavua vikombe. Akasema, "Bibi, mimi sina mdomo." Akanisogezea kigoda. Tukakaa pale, yeye akimfikiria mama yake aliyeko Ulaya, mimi mwanangu.

Kesho yake nilimwambia Agata amwambie mume wake apande mnazi atazame pale walipounga. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyepaunga, na namjua, hajui hata kufunga mbuzi. Akapanda, akakuta chumvi imeingia kwenye fundo, waya unagusana na haugusani. Akapakwangua, akafunga upya. Alfajiri iliyofuata, Bwana Masikio alitoka hemani na kiatu mguu mmoja, anapiga kelele, "Bibi! Gugu! Gugu!" Nikavishwa vikombe. Ti-ti-ti-taa. Alikuwa anagonga siku zote zile. Waya ulikatika kwetu.

Ndiyo maana nimeandika. Mimi mdomo ninao.

Wewe si mtu mbaya, Petro. Najua ulisukumwa, najua pia kwamba Veronika anapika vizuri na anacheka vizuri, na kijana ana macho. Nikirudi nitakutafutia mke wako mwenyewe; nimeshamfikiria mmoja, mrefu, mkali kuliko mimi. Wa kaka yako muache. Akirudi kesho, mifupa na macho, akauliza lile swali na ulimi wake ule wa kugonga, nataka jibu liwe jepesi asije akasubiri mara mbili.

Nisalimie baba yako mdogo, ambaye hakunirithi na bado tunasalimiana vizuri. Nisalimie shangazi yako mwenye kinu kikubwa, mwambie nakitaka kikiwa hakijapasuka. Salimia watoto wa Gugu, waambie bibi yao anawaletea kombe za pwani kama hazitavunjika njiani. Salimia Mpangile na mkewe. Na Veronika, mkamwana wangu, mwambie nimemsikia kutoka huku jinsi alivyolia, Mama Tekla kaniigia, na mimi nimelia vile vile.

Ni mimi mama yako. Bado naitwa Mama Gugu, mtu asinibadilishie jina.

Barua hii ikiisha kusomwa, msikae kuijadili. Katekista, nenda kwa wazee leo hii uwaambie siku ile imefutwa. Petro, ile pombe wape wavunaji. Kalime shamba la kaka yako mpaka mwisho wa mpaka wake, samaki uwaache mlangoni mikononi mwa watoto, na jua likizama uwe kwako. Ile kaniki mvueni kichwani mkaitie motoni, na Veronika aache nywele zake ziote.